Nyumba Ikisha Kunadiwa

Huko Marekani nyumba iliyowekwa rehani ikinadiwa kwa deni la benki, aumiaye pia ni mpangaji, ambaye kodi yake hulipa kila mwezi na habari za deni hana. Kwa ajili yake ilitungwa sheria mwaka 2009. Ikakoma mwisho wa 2014, ikarudishwa 2018, na sasa haina ukomo. Mnunuzi yampasa ampe ilani ya siku zisizopungua 90. Mwenye mkataba wa muda hukaa hata muda wake uishe, isipokuwa mnunuzi ataka kuishi humo mwenyewe, na hapo pia siku 90 ni haki yake. Lakini upangaji uwe wa kweli: mke, mume, mtoto au mzazi wa mdeni hawahesabiwi.

Na aliyekuwa mwenye nyumba? Katika California hupewa ilani ya siku 3 tu, nazo twaziona chache mno kwa watu wenye watoto. Hata hivyo, zikipita, mnunuzi hana ruhusa ya kubadili kufuli wala kutupa vyombo nje. Sharti ashitaki, apate hukumu, na mwenye kuwatoa awe sherifu. Barua ya mahakama ikifika isiwekwe kando, kwani asiyejibu huhukumiwa bila ya kusikilizwa.