Mafua na Ubora wa Dawa Isiyo Kali

Mtu aliyekulia Tanga, Moshi au Mombasa miaka ya 1970 hakuhitaji cheti cha daktari ili ajue mafua yanatibiwaje. Tangawizi inapondwa na kuchemshwa, inakamuliwa ndimu, inatiwa asali. Koo likiwasha, unasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Usiku unajifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, mchaichai na mpera, na ukitoka humo jasho linakutiririka. Leo tiba hizo zina wapenzi na wabeuzi. Wapenzi husema ni kali kuliko vidonge na zinaua kila kijidudu. Wabeuzi husema hazina lolote. Ukiwasikiliza vizuri, wote wanatumia kipimo kimoja, kwamba dawa ni ukali. Mimi naona kipimo hicho hakifai kwa mafua. Tiba hizi ni dhaifu kweli, na udhaifu huo ndio ubora wake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua huletwa na virusi, hasa rinovirusi, ambavyo aina zake zinazojulikana zinazidi 160. Ndiyo maana mwili ukishaizoea aina moja, nyingine inabisha hodi. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury, na kwa zaidi ya miaka 40 wakawa wanawaambukiza makusudi watu waliojitolea. Mengi yalijulikana kuhusu virusi, ila dawa ya kuponya haikupatikana, na mpaka leo hakuna. Bahati nzuri ni kwamba mwili wenye afya huyamaliza mafua wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi. Hapo ndipo penye mtego. Makali ya mafua huwa siku ya pili na ya tatu, na ndizo siku mtu anazohangaika kutafuta dawa. Chochote atakachotumia wakati huo, iwe supu ya kongoro, sindano ya bei mbaya au maji matupu, keshokutwa atapata nafuu na kukipa sifa zote. Kwa hiyo ushahidi wa “nilitumia nikapona” hauisaidii tangawizi wala kidonge. Maswali yenye maana yanabaki mawili: je, inampunguzia mgonjwa adha wakati anasubiri? Na je, inaweza kumdhuru?

Kwa swali la kwanza tiba za jikoni hazifanyi vibaya hata kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, wengine kikiwa cha moto na wengine kikiwa na joto la kawaida la chumbani. Vipimo vya hewa inayopita puani havikubadilika, lakini waliokunywa cha moto walipata nafuu papo hapo ya koo, kikohozi, baridi na uchovu. Wale wengine nafuu yao ilikuwa ndogo zaidi. Asali nayo ina kesi nzuri. Mwaka 2007, huko Pennsylvania, Marekani, watoto 105 wenye kikohozi waligawanywa makundi matatu: waliopewa asali kabla ya kulala, waliopewa dawa maarufu ya kikohozi iliyotiwa ladha ya asali, na wasiopewa kitu. Kwa maelezo ya wazazi, wa asali ndio waliolala vizuri zaidi, na dawa ya dukani haikuonyesha tofauti ya maana na kutopewa chochote. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Olabisi Oduwole wa Nigeria nayo yaliona kuwa huenda asali inapunguza kikohozi cha watoto kuliko kuwaacha bila tiba. Faida yenyewe si kubwa, tusidanganyane. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wenye sumu ambao utumbo wake mchanga hauwezi kuwazuia.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Japani, ambako kusukutua ni desturi ya kila siku. Watu wazima 387 walifuatiliwa kwa siku 60 za msimu wa baridi. Waliosukutua maji matupu walipata mafua pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko wasiosukutua. Waliosukutua dawa ya aidini, iliyokusudiwa hasa kuua vijidudu, hawakuonyesha tofauti ya maana na wasiosukutua. Huenda aidini huwaharibu pia bakteria wema wanaolinda koo. Kwa vyovyote, aliyeamini ukali angeweka dau lake upande usio sahihi.

Kujifukiza kunahitaji maneno ya ziada, kwa sababu mwaka 2020, wakati wa korona, Rais John Magufuli alikuhimiza hadharani na nyungu zikarudi kwa kishindo. Mvuke unaweza kulegeza makamasi na kumstarehesha mtu, lakini mapitio ya tafiti hayajaonyesha faida ya uhakika. Virusi huzaliana ndani ya chembe hai za mwili, na joto la kuviua humo lingeunguza pua kwanza. Hatari yake iko kwenye sufuria. Maji yametoka kuchemka, yako sakafuni, mtoto kafunikwa blanketi haoni, anapiga teke kwa kukosa pumzi. Katika kipindi hichohicho cha korona madaktari wa watoto Uingereza waliripoti kuongezeka kwa watoto walioungua kwa namna hiyo. Mtu mzima anaweza kuinamia bakuli lililowekwa mezani. Mtoto asifukizwe.

Tukifika kwa swali la pili, zile tiba zilizotafuta ukali ndizo zenye rekodi mbaya. Mfano ulio wazi ni kukata kimeo, kile kinyama kinachoning’inia nyuma ya kinywa. Imani iliyoenea Tanzania, na hata Ethiopia na Nigeria, ni kwamba kimeo kikirefuka hukwangua koo na kumkohoza mtoto, basi mtoto anashikwa, anafumbuliwa kinywa, na mkataji anakiondoa kwa kisu. Hospitali zimepokea watoto waliovuja damu, waliopata maambukizi, hata pepopunda. Kikohozi kikiisha baadaye, mkataji husifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku zilizopita. Kisipoisha, huenda ni kifua kikuu kilichokuwa kikisubiri kupimwa muda wote huo. Tusidhani kwamba ukali ni wa kienyeji tu. Amoksilini inayonunuliwa dukani vidonge vinne vinne haigusi virusi, bali inawafundisha bakteria usugu. Nchini Gambia mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kazi, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochafuliwa na kemikali yenye sumu. Mafua yenyewe yangewaacha hai wengi wao.

Wapo watakaosema kwamba nafuu ya kikombe cha moto ni ya akilini tu. Huenda sehemu yake ni hivyo. Katika jaribio la asali wazazi walijua nani kapewa kitu na nani hakupewa. Lakini kwa maradhi yasiyo na tiba, kujisikia nafuu ndiyo huduma yote inayoweza kutolewa, na maji ya moto, ndimu na kukalishwa nyumbani siku mbili vinaitoa kwa gharama ndogo.

Pingamizi zito ni la kuchelewa, kwamba aliyeridhika na tangawizi hatakwenda hospitali kwa wakati. Hilo ni kweli, na kwa koo ni kweli zaidi. Baadhi ya maumivu ya koo, hasa kwa watoto wa miaka mitano hadi 15, huletwa na bakteria, na yasipotibiwa yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Wagonjwa wa vali hizo wanatibiwa kila siku katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ila kuna dalili za kutofautisha, ingawa hazimalizi shaka: homa kali, mafindofindo yenye utando mweupe, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, na hakuna kikohozi wala makamasi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe akapimwe, maji ya chumvi yakiwa ya kumpoza njiani tu. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inawahi kuukinga moyo.