Maniema: Wanafunzi wa Kindu wanaweza kuona wapi historia ya kale ya Kongo?

Mwanafunzi wa Kindu anaweza kumaliza sekondari akiwa anajua majina ya mafarao wa Misri, lakini hajawahi kusikia habari za mfupa wa Ishango. Mfupa huo, ambao unatajwa ulimwenguni kote katika historia ya hesabu, ulitoka hapa mashariki mwa Kongo. Mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin aliupata mwaka 1950 mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, Kivu Kaskazini. Leo umehifadhiwa Brussels, Ubelgiji.

Kwa walimu wa historia wa Maniema, shida ni kwamba vitu vyenyewe viko mbali. Ishango iko katika jimbo ambalo vita vimelitesa kwa miaka mingi, na hifadhi ya Virunga iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1994. Kupeleka darasa huko si jambo la leo. Hata hivyo, kuna mambo ambayo shule za Kindu zinaweza kufanya bila kungoja amani ifike kila mahali.

Mfupa wenye alama 168

Mfupa wa Ishango una urefu wa sentimita 10 hivi na umri wa takriban miaka 20,000. Kwenye ncha yake kuna kipande cha jiwe gumu la kwatzi. Ubavuni una mikato 168 iliyopangwa kwa safu tatu. Safu mbili zina jumla ya 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20.

De Heinzelin alifikiri ni mchezo wa hesabu. Mtafiti Mmarekani Alexander Marshack aliona ni kalenda ya kufuata mwezi. Wengine wanasema mikato ilisaidia tu mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha, na hapo ndipo somo lilipo. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi vijiti, wakate alama zile zile, wahesabu, halafu kila kikundi kitetee maoni yake. Somo hilo halihitaji pesa wala tiketi ya ndege.

Kilomita chache kutoka Ishango, huko Katanda, watafiti Alison Brooks na John Yellen walipata ncha za chusa, yaani mikuki ya kuvulia samaki, zilizochongwa kwa mifupa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba zina umri wa miaka 90,000 hivi. Karibu nazo kulikuwa na mifupa ya kambale wakubwa. Wavuvi wa Kindu wanaoshuka Lualaba kila asubuhi wanaifahamu kazi hiyo vizuri.

Lualaba ni njia ya historia

Ukipanda Lualaba kuelekea kusini, unafika kwenye maziwa ya Upemba, katika Haut-Lomami. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wana-akiolojia walichimba zaidi ya makaburi 100, kuanzia mwaka 1957. Kazi iliendelea katika miaka ya 1970 na Pierre de Maret.

Ndani ya makaburi hayo mlikuwa vyungu vizuri, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba ambayo baadaye ilitumika kama pesa. Makaburi mengi ni ya kuanzia karne ya 8. Simbi za Bahari ya Hindi zilizopatikana humo zinaonyesha kwamba watu wa Lualaba walikuwa wameunganishwa na pwani kwa biashara muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajafika. Maji yanayopita Kindu ni yale yale yaliyopita Sanga.

Kasongo, mahali pa karibu zaidi

Kwa safari ya kweli, wilaya ya Kasongo, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Kindu, ndiyo inayofaa kwanza. Historia yake si ya kale kama ile ya Ishango, lakini inagusa kila familia ya Maniema. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Nyangwe, kando ya mto, ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia huko mamia ya watu wakiuawa sokoni, wengi wao wanawake. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold wa Pili yaliteka miji yote miwili.

Mwaka 2020, watafiti wa Kongo na wa Ulaya walichapisha katika jarida la Antiquity kazi yao kuhusu akiolojia na kumbukumbu za wakati huo katika Maniema. Hawakutegemea udongo peke yake. Walisikiliza pia wazee. Kiswahili kinachosemwa leo katika masoko ya Kindu kilipita njia ile ile ya misafara, pamoja na machungu yake. Mwanafunzi anayesimama Kasongo anaelewa kwa nini anasema lugha hii.

Hatari ya kupoteza kila kitu

Udongo wa msitu una asidi, na mifupa huoza haraka. Kinachobaki mara nyingi ni mawe yaliyochongwa, vigae vya vyungu na makaa ya moto. Kwa makaa hayo, maabara inaweza kupima umri hadi miaka 50,000 hivi. Lakini kigae kikiondolewa kwenye tabaka lake bila kuandikwa popote, hakiwezi tena kusema ni cha lini.

Maniema ni jimbo la dhahabu na kasiterite, na mashimo yanachimbwa kila siku. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inamtaka mwenye kibali anayekuta mabaki ya kale asiyahamishe na aarifu wakubwa wa serikali. Tangu mwaka 1971 kuna pia sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Lakini mchimbaji wa kienyeji ambaye hajawahi kuonyeshwa jiwe la kale hawezi kulitambua. Mtoto aliyefundishwa shuleni anaweza kumwambia baba yake asimamishe sepetu.

Namna ya kuandaa safari

Shule inayotaka kwenda inapaswa kwanza kuwaona viongozi wa serikali wa mahali hapo na chifu wa kijiji, kueleza lengo na kuuliza hali ya usalama na ya barabara. Majira ya kiangazi yanafaa kuliko ya mvua.

Wakifika, wanafunzi hawachimbi wala kuokota kitu. Wanachora, wanapima kwa kamba, wanapiga picha na kuandika mahali kila kitu kilipo. Kikundi kimoja kinaweza kukaa na wazee na kuandika simulizi zao, pamoja na jina la msimuliaji akikubali. Mwishoni, nakala moja ya daftari inabaki kijijini na nyingine shuleni.

Kwa shule zisizo na pesa za kufika Kasongo, kuna safari ya nusu siku: kutembea kando ya Lualaba mahali mvua ilipobomoa ukingo, kuangalia matabaka ya udongo na kumuuliza mfinyanzi wa karibu namna anavyofinyanga na kuchoma chungu. Wana-akiolojia wenyewe huwauliza wafinyanzi maswali hayo hayo, kwa sababu majibu yao husaidia kuelewa vigae vinavyotoka ardhini.

Kinshasa ilifungua jumba jipya la makumbusho ya taifa mwaka 2019, na Lubumbashi ina lake. Siku daftari za wanafunzi wa Kindu zitakapojaa, jimbo litakuwa na sababu nzuri ya kudai la kwake.