Modemu "haisomi": nani anatunza draiva za intaneti kwenye kompyuta zetu?

"Modemu haisomi." Kauli hii inasikika kila mara kwenye steshenari za Chanika, Mkata, Kabuku na Korogwe mjini. Laini ina bando, taa ya modemu inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Ukiihamishia kompyuta ya jirani, inasoma mara moja. Wengi huishia kununua modemu nyingine. Kabla hujatoa hela, tufafanue kinachotokea humo ndani, maana mara nyingi kifaa bado ni kizima.

Draiva ni nini?

Kompyuta haijui yenyewe namna ya kuzungumza na kila kifaa kinachochomekwa. Inahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo draiva. Kifaa kikiingia kwenye tundu la USB hujitambulisha kwa namba mbili: ya kampuni na ya aina ya kifaa. Modemu za Huawei huanza na namba 12d1, za ZTE huanza na 19d2. Kompyuta hutafuta namba hizo kwenye orodha za draiva zake. Isipozikuta, ndipo tunaposema haisomi.

Kuna kituko kingine. Modemu nyingi zikichomekwa mara ya kwanza hujifanya CD, ili kompyuta ya Windows ichukue humo programu ya kuiendesha. Kompyuta inayotumia Linux inabidi kwanza iiambie modemu iache kuwa CD. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Isipofanyika, utaona mafaili tu na mtandao hutaupata.

Linux inatuhusu vipi?

Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta: yeyote anaruhusiwa kuutumia bure, kuusoma na kuurekebisha. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi nchini Finland. Kama simu yako ni Android, unatembea nayo mfukoni, kwa sababu kiini cha Android ni Linux. Kompyuta kuukuu zinazolemewa na Windows mpya nazo hufufuliwa kwa Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Watanzania pia wamewahi kufanya kazi katika programu huria: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Draiva nyingi za Linux hukaa ndani ya kiini chenyewe, hivyo huhitaji CD ya kusakinisha. Lakini kiini hakitulii. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na sehemu moja ikibadilika, draiva zinazoitegemea lazima nazo zirekebishwe. Sisi wa Handeni tunalielewa hili kwa upande wa maji. Kisima huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, lakini kinachokifanya kitoe maji mwaka wa kumi ni kamati na fundi wa pampu. Draiva nayo ikikosa fundi, inaharibika.

Watunzaji ni watu, nao ni wachache

Draiva nyingi za intaneti kwa USB zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao usbnet. Aliyeuandika ni David Brownell, aliyefariki mwaka 2011. Kazi yake haikufa naye, kwani utunzaji ulipokelewa na Oliver Neukum. Mwaka 2012 Bjørn Mork wa Norway aliingiza draiva ya qmi_wwan, kwa ajili ya modemu nyingi zenye chipu za Qualcomm. Inapotoka modemu mpya, mtu aliyenayo hutuma namba zake, watunzaji huzikagua, kisha zinaongezwa kwenye orodha. Mara nyingi ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini bila mstari huo modemu haisomi.

Ndani ya Linux kuna faili linaloitwa MAINTAINERS, lenye majina ya wanaotunza kila sehemu. Sehemu isiyo na mtunzaji huandikwa kuwa ni "yatima". Draiva yatima ikiharibika hakuna wa kuamshwa, na ikionekana haina watumiaji inaweza kuondolewa kabisa.

Waya wa simu ulipowekwa kikaangoni

Hili linakugusa hata kama huna modemu. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya ili kompyuta itumie bando la simu, simu nyingi za Android hutumia njia iitwayo RNDIS, iliyobuniwa na Microsoft. Mwaka 2022 Greg Kroah-Hartman, anayesimamia sehemu ya USB ndani ya Linux, alipendekeza draiva za RNDIS zizimwe. Sababu yake ilikuwa usalama: njia hiyo inaweza kuihatarisha kompyuta inapochomekwa kifaa kisichoaminika.

Wahandisi wa Android walipinga, kwa hoja kwamba simu nyingi bado zinaitegemea. Baadhi ya simu mpya zimehamia njia nyingine iitwayo NCM, lakini simu za zamani haziwezi kubadilishwa kwa siku moja. Pande zote mbili zina hoja. Ila tukumbuke kwamba simu na kompyuta za zamani ndizo zinazodumu vijijini kwetu, na mtunzaji aliye Ulaya hawezi kujua kama bado tunazitumia, mpaka aambiwe.

Ufanye nini modemu isiposoma?

Kwanza, jaribu tundu jingine la USB. Kama unatumia simu, badilisha waya, kwa sababu baadhi ya waya huchaji tu, hazipitishi data. Pili, kwenye kompyuta ya Linux, mwombe fundi aandike amri lsusb. Namba za kifaa zikionekana, kifaa kinaongea na kompyuta, na huenda kinachokosekana ni draiva au ile usb_modeswitch. Tatu, tumia hotispoti ya simu kupata intaneti, kisha sasisha mfumo, maana huenda modemu yako imeshaongezwa kwenye orodha.

Ikishindikana, fundi atume taarifa kwa watengenezaji wa Linux anayotumia, Ubuntu kwa mfano. Ataje namba za kifaa, toleo la mfumo na kilichotokea. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza, lakini chepesi kinatosha. Walimu wenye vyumba vya kompyuta na vijana wa steshenari, hili mnaliweza. Taarifa moja kutoka Mkata inaweza kuifanya modemu kama hiyo isome hapa, Kisumu na kwingineko.