FENI 5, SOKETI 1: USIUNGUZE MAZABODI YA MTEJA

Unauza kompyuta za mezani mtandaoni? Mteja kalipia kesi ya feni 5, unafungua mazabodi, soketi ya feni za kesi (SYS_FAN) ni moja tu. Fanya hivi:

✅ Soma amperi kwenye kibandiko cha feni. Soketi nyingi hubeba amperi 1, hakikisha kwenye kitabu cha mazabodi. Feni 3 za amperi 0.25 ni 0.75, waya wa kugawa unatosha. Feni 5 ni 1.25, hapo umezidisha. Acha nafasi pia, maana feni ikianza kuzunguka huvuta zaidi.

✅ Zikizidi, weka habu inayochukua umeme kwenye pawa saplai kwa plagi ya SATA. Waya wake wa mazabodi unaleta amri ya kasi tu.

✅ Habu ya PWM inataka feni za pini 4. Za pini 3 kwa kawaida zitakimbia kasi ya juu muda wote. Kelele!

❌ Soketi ya CPU_FAN iachie feni ya prosesa.

Bei ya habu ijumlishe kabla hujaposti tangazo. Mashine ikirudishwa, faida yote imekwenda na nauli ya boda juu.

Wewe huwa unaungaje? Tuambie kwenye komenti 👇