Nguvu Zetu Hazitutoshi: Fundisho la Mtakatifu Kizito

Kila aliyepata kusafiri kwa barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa anaijua Mikumi. Wageni huikumbuka kwa ajili ya tembo na twiga wa Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Lakini sisi wa pande hizi tunalo jambo jingine la kukumbuka. Hospitali ya Kanisa iliyoko Mikumi imepewa jina la Mtakatifu Kizito, na mwaka ule ule wa 1964, tarehe 18 Oktoba, Papa Paulo wa Sita alimtangaza Kizito na wenzake kuwa watakatifu. Jina hilo limo midomoni mwetu kila tunapompeleka mgonjwa. Basi, yafaa tujiulize: huyu Kizito alikuwa nani, naye anatufundisha nini?

Nauliza hivi kwa sababu. Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Mezani pangu kuna madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marehemu. Mtu akija kutafuta cheti, mazungumzo hufika mbali kuliko cheti. Mmoja husema: "Karani, nitarudi kanisani, lakini kwanza niache pombe." Mwingine: "Nitaungama nikiwa na hakika kwamba sitarudia tena." Na mume na mke wanaoishi bila ndoa ya Kanisa husema: "Tutakwenda kwa Padre, lakini kwanza tujirekebishe wenyewe." Miaka hupita. Watoto huzaliwa na kukua, wazazi huzeeka, na siku ile ya kuwa safi haifiki.

Maneno haya yana sura ya unyenyekevu na heshima. Lakini tuyapime vizuri. Je, umepata kumsikia mtu akisema, "Homa ikinitoka, ndipo nitakapokwenda hospitali"? Tungemcheka, au tungemlilia. Na kumbe katika mambo ya roho wengi wetu tunasema hivyo hivyo. Twataka kujiponya kwanza, kisha twende kumwonyesha Mungu afya yetu. Huko si kumheshimu Mungu. Ni kumwambia kwamba kazi yake tutaifanya sisi.

MKRISTO WA SIKU TISA

Sasa tumtazame Kizito. Alikuwa mtoto wa miaka 14 hivi, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Mapadre wa kwanza Wakatoliki walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879, na dini ilikuwa bado changa sana. Mwezi Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakristo jumbani, aliuawa. Mahali pake pakashikwa na Karoli Lwanga, kijana wa miaka 25 hivi. Yeye aliwafundisha watumishi vijana dini, tena akawakinga Kabaka asiwaingize katika machafu.

Kizito alikuwa katekumeni tu. Aliomba ubatizo tena na tena, lakini bado hakuwa ameupata. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, ilipojulikana kwamba hasira ya Kabaka imewaka na kifo kiko mlangoni, Karoli Lwanga alimbatiza Kizito pamoja na wenzake wachache. Kulipokucha waliitwa mbele ya Kabaka, wakaulizwa kama wanasali, wakakiri, wakahukumiwa kufa. Inasimuliwa kwamba Lwanga alimshika Kizito mkono, wakaenda pamoja upande wa wale wanaosali.

Wakapelekwa Namugongo kwa miguu, wamefungwa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, walichomwa moto. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulifikiri. Siku hiyo Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kabla yao. Basi Kizito alipofika motoni, ule mkono wa kaka yake katika imani haukuwapo tena. Msaada wa binadamu ulikuwa umefika mwisho wake. Alibaki na Mungu, naye hakuanguka.

Hesabuni, wasomaji: tangu ubatizo wake hata kifo chake zilipita siku tisa. Hakuwa na miaka ya mazoezi. Hakuwa amesoma vitabu vikubwa. Umri wake ulikuwa wa mtoto ambaye nyumbani kwetu tungemtuma kuchota maji. Kama ukuaji wa kiroho ungekuwa mshahara wa jasho letu tu, Kizito asingekuwa na kitu cha kulipwa. Lakini katika siku tisa alifika mahali ambapo wengi wetu hatujafika kwa miaka arobaini. Alifikaje? Alibebwa na neema, naye alikubali kubebwa.

Mlinganisheni na Mtume Petro usiku ule wa Alhamisi. Petro alikuwa mtu mzima, mvuvi mwenye nguvu, aliyekaa na Bwana miaka kadhaa. Aliahidi mbele ya wenzake wote kwamba hata wengine wakikimbia, yeye hatakimbia. Jogoo hajawika, alikwisha kumkana mara tatu. Upendo alikuwa nao, lakini aliuegemeza juu ya nguvu zake mwenyewe. Baada ya kulia ndipo alipojua kuegemea penginepo, na tangu hapo akawa mwamba.

KOSA LA ZAMANI

Wazo la kwamba mtu aweza kujitakasa kwa bidii yake mwenyewe si jipya. Karne ya tano mtawa mmoja aliyeitwa Pelagio alifundisha kwamba mtu akitaka tu, aweza kuishi bila dhambi kwa uwezo wake wa asili. Aliyempinga kwa nguvu zaidi alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Augustino alijua anachosema, maana katika ujana wake alijaribu miaka mingi kuacha dhambi, akashindwa, mpaka Mungu alipomwinua. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakalikataa fundisho la Pelagio. Na mwaka 2018 Papa Fransisko aliandika waraka juu ya utakatifu, akaonya kwamba kosa hilo lingali linazunguka kati yetu. Kwa hiyo tusidhani ni hadithi ya watu wa kale. Limo hata mezani pangu pa karani.

JE, TUKAE BURE?

Mwingine atasema: "Kama yote ni neema, basi mimi nilale tu." La, sivyo. Mkulima wa Kilosa anajua jibu kuliko mimi. Mvua isipokunyesha, jembe halioteshi mahindi. Lakini mvua ikinyesha juu ya shamba lisilolimwa, huota magugu. Jembe haliiti mvua, ila huitengenezea mahali. Ndivyo zilivyo sala zetu, kufunga kwetu na bidii yetu. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorinto jambo hilo hilo: yeye alipanda, Apolo akamwagilia, lakini aliyekuza ni Mungu. Kizito naye hakukaa bure; alikwenda kufundishwa, aliomba, alikiri imani yake. Lakini hakudhani kwamba kuomba kwake ndiko kulikomfanya imara.

Tena watu wa Kilosa tunao mfano mwingine mbele ya macho. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita kwetu kwenda Dodoma. Zile treni za zamani hubeba mafuta yao tumboni. Yakiisha, safari imekwisha. Hii mpya haibebi kitu cha kuchoma. Imenyoosha mkono wa chuma juu, ukagusa waya, na nguvu yote hutoka huko. Injini yake ni nzuri na dereva wake ana ujuzi, lakini mkono ule ukiachana na waya, hakuna ujuzi utakaoisogeza. Roho ya Mkristo ni hivyo. Kazi yetu kubwa ni kutoachana na waya.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, asubuhi kabla ya kushika jembe au sufuria, tuseme maneno machache: "Bwana, leo peke yangu siwezi, nisaidie." Baba aseme, mama aseme, na watoto wawasikie. Mtoto akimsikia baba yake anaomba msaada kwa Mungu hatamdharau, bali atajua nguvu za nyumba hiyo zinatoka wapi.

Pili, tusingoje kuwa safi ndipo tuende kuungama. Kitubio chadai tujute kweli na kukusudia kuacha dhambi. Hakidai tuwe na hakika ya kesho. Kesho ni ya Mungu. Na ukianguka tena, usikae chini kushangaa udhaifu wako. Inuka siku ile ile, urudi. Anayeshangaa mno kwamba ameanguka alikuwa anajitegemea mno.

Tatu, mnaoishi bila ndoa ya Kanisa, msiogope mlango wa Padre. Huenda kuna mambo ya kutengeneza kabla ya kupokea sakramenti, naye atawaeleza wazi. Lakini kuyatengeneza peke yenu gizani ni kazi isiyokwisha. Njooni mkiwa jinsi mlivyo, mwanzie hapo.

Nne, tushikane mikono kama Lwanga na Kizito. Jumuiya ndogo ndogo zipo kwa ajili hiyo. Ukimwona jirani hajaonekana miezi mitatu, usingoje afike; nenda kwake. Lakini mwelekeze kwa Mungu, si kwako, maana iko saa ambayo mkono wako hautamfikia.

Siku nyingine mtakapopita Mikumi, au mtakapokaa kwenye benchi la hospitali mkingoja zamu yenu, mtazameni yule aliyeketi pembeni yenu. Hakuna aliyefika pale kwa sababu ni mzima. Wote wamekuja kwa sababu wanaumwa, na hakuna anayeona aibu. Twendeni na kwa Mungu vivyo hivyo. Mtakatifu Kizito, utuombee.