Mafundi wa data: wanachekana mchana, wanasaidiana usiku

Siku TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo wanakutana, muji wa Lubumbashi hautulii. Tangu asubuhi watu wanachekana: ofisini, sokoni, ndani ya basi. Ndani ya nyumba moja mtoto mmoja ni wa Kunguru, mwingine ni wa Cheminots, na mama anawapikia chungu kimoja. Kesho yake, yule ambaye timu yake imepigwa anatafuta sababu ya kuchelewa kazini. Lakini nyumba ya mtu ikishika moto, hakuna mwenye kuuliza kwanza anashabikia timu gani. Wote wanabeba maji.

Kuna kazi moja yenye tabia hiyo hiyo, na wengi wetu hatuijui hata kama tunaitegemea kila siku. Ni kazi ya wale wenye kutunza hifadhi za data, zile ambazo waliosoma kwa Kifaransa wanaita « base de données ».

Ukituma pesa kwa simu kutoka Bukavu kwenda Uvira, hakuna noti yenye kusafiri. Kinachofanyika ni maandishi: mahali fulani, ndani ya kompyuta kubwa, mstari mmoja unapunguza pesa zako na mstari mwingine unaongeza za ndugu yako. Mstari wa kwanza ukiandikwa na wa pili ukipotea, pesa zimepotea njiani. Banki, hospitali, shule, orodha ya wapiga kura: vyote vinaishi juu ya mistari ya namna hiyo.

Wenye kuitunza wamegawanyika kama mashabiki wa mupira. Kuna watu wa Oracle, wa MySQL, wa PostgreSQL, wa SQL Server ya Microsoft, wa MongoDB. Kila kundi linaona wengine ni wajinga, na wanaambiana hivyo mbele ya watu wote. Hata jina la lugha yao, SQL, linawagombanisha. Watafiti wa IBM waliiita kwanza SEQUEL, lakini kampuni nyingine ilikuwa tayari na haki ya jina hilo, na wakalifupisha. Mpaka leo kuna wenye kutamka « sikwel » na wenye kutaja herufi moja moja. Kwetu tunasema « esi-ki-eli » kwa namna ya Kifaransa, na kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kutucheka.

Mtu wa nje anaweza kudhani ni utoto. Lakini ukifuata historia ya ugomvi huu, unaona jambo lingine: kosa lenye kuchekwa hadharani mara nyingi linatengenezwa. Kosa lenye kufichwa ndilo linaangusha nyumba.

Mechi ya kwanza, mwaka 1974

Ugomvi mkubwa wa kwanza ulifanyika katika muji wa Ann Arbor, jimboni Michigan, Marekani, mwezi wa tano 1974. Upande mmoja alikuwa Charles Bachman, mtu mwenye heshima kubwa, aliyekuwa amepewa tuzo ya Turing ya mwaka 1973, ambayo ni tuzo kubwa kupita zote katika elimu ya kompyuta. Upande mwingine alikuwa Edgar Codd, Mwingereza mtafiti wa IBM, aliyekuwa ametangaza wazo lake mwaka 1970.

Ili kuelewa walichogombania, fikiri soko la Virunga, kule Goma. Kwa Bachman, mwenye kuandika programu ni kama mtu mwenye kujua njia zote za soko: anaingia kwa muuza unga, kutoka pale anaonyeshwa muuza mafuta, kisha anapinda kushoto mpaka kwa muuza sombe. Anafika haraka, lakini lazima ajue njia. Siku soko limepangwa upya, amepotea.

Codd alisema hapana. Weka kila kitu katika meza zenye safu na mistari, kisha mtu aseme tu anachotaka: « Nileteeni sombe ya franka mia tano. » Kutafuta njia ni kazi ya mashine.

Wafuasi wa Bachman walicheka. Walisema hayo ni mahesabu mazuri ya ubaoni, lakini mashine itakuwa nzito mno kwa kazi ya kweli. Kicheko hicho kilikuwa na haki yake, kwa sababu wakati ule hakukuwa mfumo mkubwa wenye kuonyesha kwamba wazo la Codd linaweza kwenda kasi. Watu wake ilibidi wajibu kwa kazi. IBM ilijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na kwenye chuo kikuu cha Berkeley timu ya Michael Stonebraker na Eugene Wong ikajenga Ingres. Timu hizo mbili nazo zilishindana, kila moja na lugha yake. Codd alipata tuzo ya Turing mwaka 1981, Stonebraker akaipata kwa mwaka 2014.

Aliyekula matunda ya kwanza hakuwa hata mmoja wao. Larry Ellison na wenzake walisoma maandiko ambayo watafiti wa IBM walikuwa wametangaza, na mwaka 1979 wakauza mfumo wao Oracle kabla IBM haijauza wa kwake. Toleo lao la kwanza sokoni waliliita toleo la 2, wakijua kwamba hakuna mnunuzi mwenye kutaka toleo la 1 la kitu chochote. Mafundi wanacheka jambo hilo mpaka leo.

Dinosaria barabarani

Miaka ya katikati ya 1990, mashindano yaligeuka vita vya biashara. Kampuni ya Informix, mpinzani wa Oracle, iliweka bango kubwa kando ya barabara karibu na makao ya Oracle kule California. Bango lilionya madereva wajihadhari kwa sababu dinosaria wanavuka. Maana yake ilikuwa wazi: wale jirani zetu ni wanyama wa kale, wanangoja kufa. Kisha, mwaka 1997, Informix ikaipeleka Oracle mahakamani kwa sababu wahandisi wake kadhaa walikuwa wamehamia huko.

Lakini mwaka huo huo ukweli mwingine ulitoka. Informix ilikuwa imeandika mapato ambayo haikuwa nayo, na ilibidi isahihishe hesabu zake za tangu mwaka 1994. Mkubwa wake, Phil White, aliacha kazi, baadaye akakiri kosa mbele ya mahakama na akahukumiwa miezi miwili ya kifungo. Mwaka 2001, kazi ya hifadhi za data ya Informix iliuzwa kwa IBM kwa dola bilioni 1.

Mfumo wenyewe haukuwa mbaya. Mafundi wengi waliupenda, na ungali unatumiwa. Kampuni iliweza kucheka kasoro za jirani kwa herufi kubwa barabarani, wakati ya kwake ilikuwa imefunikwa ndani ya vitabu vya hesabu, mahali ambapo hakuna mpinzani wa kuichungulia.

Mizaha yenye kuponya

Linganisha na ugomvi wa MySQL na PostgreSQL, mifumo miwili ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bure, na kwa hiyo wanafunzi wengi wa informatiki wanaanza nayo. MySQL ilizaliwa Sweden mwaka 1995. My ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi. Wakati Oracle ilikuwa njiani kuichukua, pamoja na kampuni ya Sun iliyokuwa imeinunua, Widenius alianzisha mfumo ndugu na akauita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo. PostgreSQL nayo ilitoka mikononi mwa Stonebraker, kule Berkeley.

Watu wa PostgreSQL walikuwa wanawacheka wenzao kwamba MySQL inakubali kila kitu. Katika matoleo ya zamani uliweza kuandika tarehe 30 mwezi wa pili, na ikapokea. Uliweza kuleta jina refu kuliko nafasi yake, likakatwa kimya kimya. Watu wa MySQL walijibu kwamba PostgreSQL ni mzee wa chuo kikuu: anaongea vizuri, lakini anatembea polepole, na hajui hata kunakili data zake kwenye mashine ya pili bila kuazima fimbo kwa jirani.

Angalia sasa kilichofuata. MySQL ilileta masharti makali, na tangu toleo la 5.7, mwaka 2015, masharti hayo yanafanya kazi bila mtu kuyaomba. PostgreSQL ilipata njia yake yenyewe ya kunakili data kwa mashine nyingine katika toleo la 9.0, mwaka 2010. Kila upande ulidawa pale palipochekwa.

Zamu ya MongoDB ilifika mwaka 2010. Mfumo huo ulikuwa mpya, vijana waliukimbilia, na katuni moja iliyozunguka sana ilimwonyesha shabiki wake akirudia sifa zile zile kama wimbo, mpaka mwenzake anamwambia kwamba kama ni mwendo tu anatafuta, atupe data yake shimoni, itakwenda kasi zaidi. Dhihaka ilikuwa na msingi: wakati huo, kwa mpango wake wa kawaida, MongoDB haikungoja uhakika kwamba maandishi yamepokelewa. Mwisho wa mwaka 2012 mpango huo ulibadilishwa. Na wale waliocheka nao walijifunza, maana PostgreSQL ilianza kupokea data za namna ambayo MongoDB ilikuwa imezipendesha kwa vijana.

Usiku wa GitLab

Jambo lililoonyesha moyo wa watu hawa lilitokea tarehe 31 Januari 2017. GitLab ni mahali ambapo waandishi wa programu wanatunza kazi zao. Usiku ule hifadhi yake, yenye kutumia PostgreSQL, ilikuwa imelemewa. Mashine ya pili ilikuwa imeshindwa kufuata ya kwanza, na fundi mmoja, baada ya siku ndefu, alitaka kufuta data za ile ya pili ili aanze upya. Kwetu Goma ilikuwa yapata saa saba za usiku.

Akaandika amri ya kufuta. Baada ya sekunde moja au mbili aliona kwamba yuko kwenye mashine ya kwanza, ile ya kweli. Akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5 tu.

Wakakimbilia nakala za akiba. Zile zilizopaswa kutengenezwa kila siku hazikuwapo: programu ilikuwa inashindwa kimya kimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo, na barua za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Njia nyingine ilikuwa haijawashwa kwa mashine zile. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi yule yule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Kampuni ingeweza kunyamaza na kutangaza « tatizo la kiufundi ». Haikufanya hivyo. Ilifungua daftari lake la kazi ili kila mtu asome, ikaonyesha matengenezo moja kwa moja kwa video, na maelfu ya watu wakakaa kutazama mafundi wakingoja data zinakiliwe. Jina la fundi halikutangazwa, na hakufukuzwa. Huduma ilirudi saa mbili za usiku uliofuata, saa za Goma. Data za saa sita hivi hazikurudi tena, kati yake maoni karibu 5,000 na akaunti mpya karibu 700.

Ilikuwa nafasi nzuri kwa wapinzani kucheka. Wengi walifanya kinyume: walituma maneno ya kutia moyo, wakasimulia siku zao wenyewe za kufuta kisichofutwa, kisha wakaenda kufungua nakala zao kuona kama zinafanya kazi. Mizaha ilirudi baadaye, kama mechi inavyorudi baada ya matanga.

Na sisi je?

Siku hizi hapa kwetu, ofisi ya shule, duka la dawa na chama cha wakulima wa kahawa wanaweka orodha zao ndani ya kompyuta. Mara nyingi kuna fundi mmoja tu, na hakuna mpinzani wa kumcheka. Hapo ndipo hatari iko. Kazi isiyochekwa na mtu ni kazi ambayo makosa yake hayana mwenye kuyaona.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama MySQL inashinda PostgreSQL, mkubwa wa ofisi amuulize fundi wake maswali matatu. Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini? Inalala wapi? Na lini mara ya mwisho uliifungua ukaona kwamba inasomeka? Wakaaji wa Goma walioona lava ya Nyiragongo ikiingia mujini mwaka 2002, na ikirudi mwezi wa tano 2021, wanajua bila kufundishwa kwamba nakala inayolala ofisi moja na kompyuta yake inaungua pamoja nayo.

Fundi akikasirika kwa sababu ya maswali hayo, mkumbushe wale wa GitLab. Walikuwa na njia tano za kujilinda. Siku ya haja, hakuna hata moja iliyokuwa tayari kama walivyodhani.