Hasira Ikimezwa Huenda Wapi?

Mfiwa huambiwa ajikaze. Mhudumu wa benki aliyetukanwa na mteja hutabasamu, akaita namba inayofuata. Kuficha hisia ni kazi ya kila siku, na anayeimudu husifiwa kuwa ni mvumilivu. Wanasaikolojia wamekuwa wakipima kazi hiyo inaugharimu mwili kiasi gani.

Jaribio linalotajwa sana ni la James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililochapishwa mwaka 1998. Watu 120 walioneshwa filamu ya mgonjwa akikatwa mkono kwa upasuaji. Kundi moja lilitazama tu. La pili liliambiwa lisioneshe chochote usoni, na la tatu litazame kitaalamu, kwa kufuatilia ufundi wa upasuaji badala ya uchungu wake. Waliokaza uso waliweza kweli kuficha, ila kinyaa kilibaki palepale, na mwili ukazidi kuhangaika hadi mishipa ya damu vidoleni ikabana. Waliobadili mtazamo ndio waliopungukiwa na kinyaa chenyewe, tena bila mwili kuongezewa mzigo.

Siri iko kwenye wakati. Bosi akipita bila kusalimia, mfanyakazi anayewaza "labda kapokea habari mbaya" anaiwahi hasira kabla haijapanda. Anayewaza "ananidharau", kisha akajilazimisha kutabasamu, anapambana na kitu ambacho kimeshaingia ndani.

Wala gharama haiishii kwa anayejikaza. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wasiofahamiana, waliokaa wawiliwawili kutazama filamu ya madhara ya bomu la atomiki kule Japani, kisha wakaizungumzia. Katika baadhi ya jozi, mmoja alikuwa ameagizwa kwa siri afiche hisia zake. Shinikizo la damu la mwenzake, ambaye hakujua lolote, likapanda. Huenda ile "hakuna kitu" ya mume aliyenuna sebuleni haimtulizi mtu yeyote nyumbani humo.

Basi si afadhali mtu afoke, yatoke yote? Brad Bushman alilijaribu hilo kwa wanafunzi 600, akachapisha matokeo mwaka 2002. Insha zao zilipondwa kwa makusudi ili wakasirike. Baadhi walipewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaponda. Hao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote. Waliokaa kimya dakika mbili bila kufanya chochote walikuwa na ukali mdogo kuliko waliopiga.

Kilichowachochea wapiga mfuko ni kuyarudiarudia yaliyotokea, na kwa afya ya akili tabia hiyo ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani. Susan Nolen-Hoeksema alipata bahati adimu ya kuichunguza. Alikuwa amewajazisha fomu wanafunzi 137 wa Stanford kuhusu hali zao na wanachofanya wakishikwa na huzuni. Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko la Loma Prieta likaipiga California na kuua watu 63. Akawarudia wanafunzi walewale baada ya siku 10, kisha baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kuichimba huzuni yao, wakijiuliza kila mara kwa nini wako hivyo, ndio walioonesha dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla ya tetemeko. Kuwaza namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba anatafuta suluhisho, kumbe anazunguka palepale.

Njia ya kuuvunja mzunguko huo ilijaribiwa Harare, Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kufika hospitalini. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, wasio na shahada yoyote ya tiba, akawafundisha kusikiliza wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mgeni huyataja matatizo yake yote: kodi ya nyumba, mume mlevi, ugonjwa. Bibi hamwambii ajikaze. Humtaka achague moja tu, wakubaliane hatua ndogo ya kuchukua, kisha arudi aeleze imekwendaje. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliopitia benchi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma za kawaida.

Mtindo huo sasa umefika Malawi na Zanzibar. Mabibi wana mipaka yao pia: mgeni anayezungumzia kujiua haachiwi benchi peke yake, hupelekwa kwa wataalamu.